Hapana ya Bi Pekee

"Hii ni zambarau."

"Hiyo ni damu ya mzee, Hakika, tena mtu yeyote mwenye..."

"Zambarau, nimesema, na nimeihesabu mwenyewe kwa..."

"...mwenye macho anaiona. Kama yako yamechakaa sema, tukutafutie miwani."

"...kwa mikono yangu hii, Bi Chungulia, mwaka wa kumi na mbili sasa, na sijawahi kukosea rangi."

"Hujawahi kuulizwa."

Waliokuwa wakikatizana hivyo, katika ukumbi wa mikutano wa kitongoji cha Jistiri, siku ya Ijumaa asubuhi, ni Bwana Hakika, katibu na mhesabu wa kura, na Bi Chungulia, mkazi wa nyumba ya saba, na kilichokuwa kikigombewa ni kikaratasi kimoja cha kura, kidogo kama kiganja cha mtoto, alichokishika Hakika kwa ncha za vidole viwili kana kwamba kingemwambukiza. Mbele yao aliketi Hakimu Tafsiri, mwanamke wa makamo aliyeletwa kutoka mji mkuu wa Kitovu kwa ajili ya shauri hili, juu ya kiti ambacho dhahiri kilichongwa kwa mtu mwenye makalio ya kitaifa zaidi. Hakimu hakuwanyamazisha. Aliviacha vinywa vile viwili vishindane mpaka vikaukiwe, kwa maana kazi yake ilikwisha mfundisha kwamba watu wawili wanaogombea rangi mara nyingi hawagombei rangi.

Sasa, ili msomaji asipotee, tuiache rangi hewani kidogo, tuitazame nchi.

Nchi hiyo inaitwa Ridhaa, na makao yake makuu ni Kitovu, mji uliojaa watu, redio, mbuzi na maoni. Miaka ishirini nyuma, watu wa familia arobaini wenye uwezo na hamu ya utulivu walihama Kitovu, wakaenda kujenga pembeni ya mji, mahali palipokuwa na upepo na hapana mtu. Walipaita Jistiri. Walijenga kuta ndefu kiasi kwamba mtu angeweza kuishi humo miaka saba asijue jirani yake ana pua ya namna gani, na juu ya kuta wakapanga vipande vya chupa, na chini ya kuta wakapanda maua, ili adhama na tahadhari zikae pamoja bila kugombana. Walitafuta faragha wakaipata. Kisha faragha nayo ikawapata wao. Jioni kila mmoja alikaa sebuleni kwake, akisikiliza friji lake likinguruma, na friji la mwenziwe hakulisikia kamwe.

Hapo mwanzo palikuwa na pande mbili. Waukuta walitaka fedha ya kitongoji ijenge kwanza ukuta wa nje. Wabarabara walitaka lami. Pande hizo zilizozana kwa bidii na ufasaha, nyumba kwa nyumba, vikombe mkononi, mpaka chai ikapoa na kupashwa tena, na wazee wa pale watakuambia, kama utafanikiwa kupita langoni, kwamba huo ndio ulikuwa wakati wa mwisho waliotembeleana. Kisha akapatikana Mwenyekiti Daima, mtu mpole asiyekuwa wa ukuta wala wa barabara, akachaguliwa ili kelele ziishe. Zikaisha. Tangu siku hiyo hapakuwa na aliyejua jirani yake anaegemea wapi, na kuuliza kukawa ni utovu wa adabu, sawa na kumwuliza mtu huwa anaoga mara ngapi.

Ulipotimia mwaka wa kwanza wa uongozi wake, Daima alisimama mbele ya wakazi, akatabasamu kwa haya, akasema, "Jamani, hamjanichoka?" Watu wakacheka, wakaguna guno ambalo ndani yake mlikuwa na ndiyo nyingi. Daima aliguswa na guno lile. Akaagiza swali hilo lichapishwe kwenye karatasi ya kura, neno kwa neno, liwe ndilo swali la kila mwaka, na kamati ikaridhia, ikiongeza tu taadhima kidogo. Kwa hiyo kura ya Jistiri iliandikwa hivi: *Je, hujamchoka Mwenyekiti?* Na chini yake, nafasi ya kujaza neno moja: Ndiyo, au Hapana.

Kura ilikuwa ya siri. Ili siri hiyo iwe safi zaidi, kila nyumba ilipewa wino wa rangi ya lango lake, na malango yalikuwa arobaini kwa rangi arobaini, kuanzia kijani cha chupa na kijani cha mgomba hadi rangi ya ugoro, na bluu nne ambazo ni wenyewe tu waliozitofautisha. Karatasi zilifunguliwa na Bwana Hakika peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Naye akatoka kila mwaka na matokeo yale yale: thelathini na tisa kwa Mwenyekiti, moja dhidi yake.

Hiyo moja ilikuwa ya zambarau, na lango la zambarau lilikuwa la Bi Pekee.

Bi Pekee alikuwa mjane aliyekaribia miaka sitini, mnene kiasi, mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa uzi. Alihamia Jistiri na mumewe, na mumewe akafariki kabla rangi ya lango haijakauka. Hakika hakumtaja jina hadharani, hasha, sheria ilikataza. Alilitaja kwa kunong'ona tu, kwa mtu mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Tangu hapo Bi Pekee akisalimia barabarani, watu walizikagua funguo zao kana kwamba zimeandikwa habari mpya. Kadi ya mwaliko wa harusi ilimfikia siku ya tatu baada ya harusi, jina lake limeandikwa kwa mwandiko mzuri sana. Hakuna aliyemtukana. Jistiri haikuwa na watu wa matusi. Walimpisha tu, kwa upole na kwa ukamilifu, mpaka akawa mtu anayeishi katikati ya nafasi.

Mgeni pekee aliyebisha lango lake alikuwa Mwenyekiti mwenyewe. Kanuni ya kitongoji ilimtaka aikague kila mwezi nyumba iliyotuhumiwa, aandike ripoti. Basi akaja, kila mwezi, kofia mkononi. Akawekewa kiti barazani na chai ya iliki na visheti, akanywa, akatazama maua, akaondoka. Ripoti zake ziliwekwa kwenye faili, mia na arobaini na kitu, na karibu zote zilisema: *Mtuhumiwa hajabadilika. Chai nzuri.*

Kanuni hiyo hiyo ilisema kwamba nyumba itakayompinga Mwenyekiti mara kumi na mbili, lango lake litazibwa kwa tofali na mwenyewe atahamishwa, asirudi. Ndiyo maana Hakimu alikuwa pale. Matofali yalikwisha letwa na kupangwa nje ya lango la zambarau, na Bi Pekee, akidhani ni ya jirani anayejenga choo, aliyafunika turubai yasilowe.

Turudi ukumbini.

Hakimu Tafsiri alikipokea kikaratasi, akakisoma kimya, akakisoma tena midomo ikicheza bila sauti, akakisoma mara ya tatu polepole kama mtu anayetafuna kitu chenye kokoto. Kisha akakiweka mezani na kumgeukia, si Hakika, bali Bi Chungulia.

Alimwuliza lango lake ni la rangi gani.

Bi Chungulia akajibu kwamba ni damu ya mzee, na kwamba jambo hilo halihusiani.

"Mama," Hakimu akasema, "mtu aliyeandika karatasi hii leo anafukuzwa kwake. Kwa nini unataka iwe yako?"

Bi Chungulia, ambaye miaka yote alijulikana kwa kujua mambo ya kila nyumba kupitia tundu la komeo, alionekana ghafla kama mtu aliyechunguliwa. Akakaa. Akasimama tena.

"Kwa sababu ni yangu," akasema. "Nilimchoka Mwenyekiti tangu mwaka wa kwanza. Unisamehe, Mwenyekiti, uko hapo nakuona. Nikasema moyoni, bora niseme ukweli kwenye karatasi kuliko mdomoni. Matokeo yalipotoka, moja dhidi yake, nikajua ni mimi. Halafu nikasikia inanong'onwa ni ya zambarau. Nikasema, wino wangu umekauka vibaya, Hakika kachanganya rangi, yule mama anaadhibiwa kwa kura yangu. Miaka kumi na miwili. Kila nikimwona naangalia funguo. Ningemwangalia usoni kwa macho gani?"

Hakimu akamwuliza aliandika neno gani hasa.

"Ndiyo," akasema Bi Chungulia. "Ndiyo, nimemchoka. Ningeandika nini kingine?"

Hapo Bwana Hakika alijaribu kuingilia, akieleza kwamba maana rasmi ya Ndiyo, kwa mujibu wa kamati, ni *ndiyo, sijamchoka*, na kwamba lugha ina taratibu zake. Lakini hakumaliza, kwa sababu nyuma kabisa alikuwa amesimama Bwana Kimya wa nyumba ya ishirini na mbili, mtu ambaye mara ya mwisho kusema mkutanoni ilikuwa miaka tisa iliyopita, tena alikuwa anaomba dirisha lifunguliwe.

Bwana Kimya alisema, kwa sauti iliyohitaji kufutwa vumbi, kwamba anaomba radhi kumpinga Bi Chungulia, lakini kura ile ni yake yeye. Lango lake ni la waridi. Waridi, akaeleza, likikaa ndani ya sanduku lenye joto, huenda likaiva. Naye pia aliandika Ndiyo, na alimaanisha ndiyo, kachosha.

Baada yake akasimama wa bluu ya kwanza, akifuatwa na wa bluu ya tatu, na wa ugoro, na wa kijani cha chupa, kila mmoja akidai kwa unyenyekevu hatia ile ile, kila mmoja akiwa na nadharia ya wino. Mwenye lango la njano ilimbidi afanye kazi zaidi kuliko wote: alitumia karibu robo saa kuthibitisha kwamba njano ikilaliwa na nyekundu kwa muda mrefu, hatimaye hujitambua. Hakimu aliwaacha wote waseme. Alikuwa ameanza kuchora vistari kwenye daftari lake, na vistari vilipofika thelathini na saba, aliinua kichwa.

Mjue walivyokaa. Watu thelathini na saba, kila mmoja miaka kumi na miwili akiamini kwamba katika kitongoji kizima yeye peke yake ndiye mpinzani, na wengine wote wameridhika. Kila mmoja akila chakula chake cha jioni na siri hiyo, akiifunika kama mtu afichaye kikohozi. Kila mmoja akimkwepa mwanamke mmoja njiani, si kwa chuki bali kwa aibu, kwa kuwa aliamini anambebesha mzigo wake. Kuta za Jistiri zilikuwa ndefu, lakini hakuna hata moja iliyojengwa kwa ustadi kama hiyo.

Hakimu akamgeukia Bwana Hakika, akamwuliza yeye binafsi alipoandika Ndiyo alimaanisha nini. Hakika alianza na jibu la kamati, akautazama wino uliomganda chini ya kucha. Akasema kwamba kwa kweli yeye aliandika tu. Kisha akasema alichoka kuhesabu, kama hilo linaingia.

Hakimu akasema linaingia.

Akabaki Mwenyekiti Daima. Alikuwa amekaa upande, kofia magotini, mzee sasa, mabega yameshuka kama nguo iliyoanikwa muda mrefu. Hakimu alimwuliza kama naye hupiga kura, na Daima akakiri kwamba hupiga, kwa wino wa kahawia.

"Na huwa unaandika nini?"

"Ndiyo, Mheshimiwa." Akaigeuza kofia. "Ndiyo, nimejichoka. Nilidhani ile moja ni yangu. Kila mwaka nasema labda mwakani watakuwa wawili, nipate sababu ya kupumzika. Hawakuwa wawili."

"Lakini ulikuwa ukienda kumkagua huyu mama."

"Nilikuwa nakwenda kumwambia. Kila mwezi natoka nyumbani nimeyapanga maneno. Nikifika ananiwekea chai, naona haya, nakunywa. Halafu inabidi niandike kitu kwenye ripoti."

Mtu mmoja akacheka, kisha wakacheka wengi, kicheko cha watu wasiozoeana, kinachoanza na kusimama kuangalia kama wenzake wapo. Hakimu aliwaacha nacho kidogo. Kisha akamwita Bi Pekee.

Bi Pekee alikuja mbele akiisogeza miwani yake. Ni wazi kwamba sehemu kubwa ya shauri ilimpita. Alikuwa amevaa kanga mpya kwa sababu barua ya wito ilisema *unakaribishwa*, na neno hilo alikuwa hajaliona kwenye karatasi muda mrefu. Hakimu akampa kikaratasi, akamwuliza kama ni mwandiko wake. Akasema ni wake, na wino ni wake, zambarau, wala haujafifia, na kwamba anashangaa wanavyouvunjia heshima. Hakimu akamwuliza alipoandika Hapana alikusudia nini.

"Nilikusudia hapana," akasema Bi Pekee. "Wameniuliza, hujamchoka Mwenyekiti? Nikasema hapana, sijamchoka. Mtu anakuja kwako kila mwezi, mvua na jua, anavua kofia, anakaa. Nilikuwa nadhani anakuja kunishukuru kwa kura yangu." Akamtazama Daima, kisha akatazama chini. "Mtu wa hivyo utamchokaje?"



Basi Hakimu Tafsiri akatoa hukumu yake, na ilikuwa fupi kuliko yote yaliyoitangulia. Matofali yaondolewe. Kanuni ya mara kumi na mbili ifutwe. Karatasi zile zichomwe, na swali lile lisiulizwe tena na mtu yeyote ndani ya mipaka ya Ridhaa, isipokuwa mume na mke, na hao nao kwa tahadhari. Na kwa kuwa wakazi wote walikuwa pale, kura mpya ipigwe muda huo huo, kwa kalamu moja nyeusi ya Hakimu mwenyewe, ikipita mkono kwa mkono, na maneno yawe mawili yasiyo na mlango wa nyuma: *Namtaka*, au *Simtaki*.

Karatasi zilipokuwa zikikatwa, ukumbi ulilipuka kwa maongezi. Watu waliokuwa wapweke kwa miaka kumi na miwili waligundua kwa mpigo mmoja kwamba ni wengi, na ugunduzi huo uliwalevya. Walishikana mikono, wakatajiana majina ya watoto, wakaulizana nani alimchoka lini na kwa sababu ipi. Mwenye lango la njano akakumbushwa kwamba zamani alikuwa Mbarabara, akakana, akakumbushwa tena, akaanza kutetea lami kwa machozi machoni. Bwana Kimya alikuwa haambiliki. Wakamzunguka Bi Pekee pia, ni haki tuseme. Walimwomba msamaha mmoja mmoja, kwa dhati, wakamshika mkono kwa mikono yote miwili, wakasema lazima aje kwao. Lakini kila aliyemshika alimwona nyuma ya bega lake mtu mwingine aliyekuwa na jambo la kumwambia, mtu wa upande wake, aliyechoka kama yeye alivyochoka, na mazungumzo ya wenye neno moja yana mvuto ambao msamaha hauna. Wakamwachia mkono kwa upole. Nafasi ikarudi kumzunguka, pana kama awali, ila sasa ilikuwa na kelele pembezoni.

Mwenyekiti Daima alimsogelea, kofia mkononi. Akamwambia kwamba matokeo yanajulikana, na kwamba akishaangushwa, inshallah kabla ya adhuhuri, atahamia kwa dada yake huko Tulizo, kwenye milima, ambako hakuna kamati. Alikuwa ameng'ara uso kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akamshukuru kwa chai. Bi Pekee akamwambia asante, na safari njema, na asisahau koti, milimani kuna baridi.

Kalamu nyeusi ikaanza kuzunguka. Hakimu, kwa desturi tu, kama watu wanavyouliza jambo wasilotarajia jibu lake, akauliza kama kuna mwenye neno kabla kura hazijakusanywa.

Bi Pekee akainua mkono.

Kelele zikapungua, kisha zikakatika. Wapo waliodhani atadai fidia, na walikuwa tayari kuipitisha bila mjadala. Wapo waliodhani atamtetea Mwenyekiti, na Mwenyekiti mwenyewe akaanza kutikisa kichwa akiwa mbali. Hakika, ambaye mazoea yalikuwa hayajamtoka, alikwisha shika kalamu ya kuandika kumbukumbu.

"Mheshimiwa Hakimu, na nyinyi majirani," akasema Bi Pekee, akiwa amekishika kikaratasi chake kipya, ambacho kilikwisha andikwa. "Nimepiga hesabu hapa nikaona zitakuwa thelathini na tisa tena, na moja. Sipingi, ndivyo mlivyo, nami ndivyo nilivyo. Ila nilikuwa naomba, kama haivunji sheria, mmoja wenu, yeyote yule, aandike Namtaka pamoja nami. Si lazima awe anamtaka."